Mama Yake Rajan

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sijakuhadithia, kwa kuwa inamhusu babu yako, na yeye keshatangulia mbele ya haki. Leo nitaisema. Umenilazimisha wewe, kwa ile video yako ya Ijumaa.

Nimekasirika, wala sifichi. Rajan, unayefanya naye kazi kwenye bohari kule mtaa wa Ghala, alikuchukua kwao Bara Hindi kwenye harusi ya dada yake. Kijiji cha wakulima wa karanga na miwa. Ukarudi na video, ukatuonyesha baada ya chakula, na watu wazima na akili zao wakacheka mpaka machozi. Choo kiko nje, nyuma ya banda la nyati wa maziwa. Umeme unakuja kwa zamu, na ukija tu watu wanakimbizana, huyu kuwasha pampu ya shamba, huyu kujaza mapipa, huyu kusaga unga. Na juu yake sauti yako: "Karibuni hoteli ya nyota tano."

Nyinyi mlitazama choo. Mimi nilimtazama mama yake Rajan. Nyumba nzima ina feni moja, nayo imeelekezwa kwenye kitanda chako, na yeye amekaa mlangoni anajipepea kwa ncha ya sari. Asubuhi amekuchemshia maji ya kuoga kwa kuni. Ukampiga picha ameinama anapuliza moto, ukaandika upuuzi wako chini yake, ukaisambaza. Sasa imemfikia Rajan. Tangu hapo haji tena kula kwetu, na wewe unaniambia, "Bibi, ule mzaha tu, yeye ndiye mwepesi wa kununa."

Basi sikiliza. Tulipohamia huku nchi za Kiarabu kutoka Unguja, mimi ningali bibi harusi, babu yako alinipeleka kijijini Quriyat kumsalimia shangazi yake, Bi Zuwena. Sisi tumetoka mjini, kwenye bomba na taa. Kule wakati ule maji yakitoka kisimani, juu ya kichwa cha mwanamke, na ukiingia usiku unawasha chemli. Majirani walikuja kututazama, na babu yako, Mungu amrehemu, akaanza kuringa mbele yao. Akauliza watu huku wanaishi vipi, maana hata mbuzi wa Unguja hawezi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bi Zuwena aliweka chini sinia la tende. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, asubuhi umekoga, na mchana umekoga tena. Maji yale nimeyabeba mimi. Adhuhuri nimetayamamu kwa mchanga nipate kusali, kwa sababu nilikuwa nimekupa wewe yote."

Babu yako alichukua mtungi akaenda kisimani, mwanamme mzima, na wanawake wakamcheka njia nzima. Aliporudi alimbusu shangazi yake kichwani, na mpaka anakufa hakuidharau tena nyumba ya mtu.

Sasa wewe, mjukuu wake, unajivunia nini? Maji ya bomba umezaliwa ukayakuta. Kiyoyozi kila chumba umezaliwa ukakikuta. Barabara unayoikimbizia gari wameimwagia lami watoto wa vijiji kama kile, juani, na mama zao wakiwangojea. Halafu unakwenda kulala kwa mama mmoja wao, unakula chakula chake, unatoka na aibu yake mfukoni kwenda kuchekesha watu. Sijawahi kuona utovu wa adabu kama huo katika nyumba hii.

Usimpigie Rajan simu, hiyo ni njia ya waoga. Nenda Ghala mwenyewe, umwombe radhi mbele ya wale wale uliowarushia video. Kisha umwombe akuunganishe na mama yake, uzungumze naye, hata kama lugha hamsikilizani, Rajan atafasiri. Na popote utakapopokelewa maishani mwako, kabla hujatazama wenyeji wana nini, tazama wamekupa nini. Ukishaondoka, ya nyumbani kwao yaache kwao.

Mwenyezi Mungu akutilie haya machoni, akufungulie milango ya watu, akukinge na kiburi cha neema. Ama radhi zangu, mwanangu, nimeziweka kwa mama yake Rajan. Siku atakayokuridhia yeye, nami nitakuwa nimekuridhia.