Kichwa Kinachongoja Mkono

Nakiri mbele yenu: kanisani kwetu Kitengela, mchungaji akisema tusalimiane, nilikuwa nashika Biblia kwa mikono miwili ili nisimpe jirani yangu mkono. Alikuwa mwalimu, na ngozi ya viganja vyake ilibambuka miaka nenda miaka rudi. Haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Nilijua, na bado nikashika Biblia.

Jumapili moja tulitoka nje, upepo wa Isinya ukivuma polepole kama usingizi. Msichana mdogo, binti ya mama muuza maziwa, akamjia mwalimu na kuinamisha kichwa, kwa sababu mtoto wa Kimaasai humsalimu mkubwa hivyo, akingoja kuguswa utosini. Mwalimu akaficha mikono ndani ya leso aliyojitanda.

"Mama, mkono yangu ni mbaya."

"Mbaya ya kuchapa ama ya kusalimia?" akauliza mama muuza maziwa, aliyesimama nyuma ya bintiye. "Mtoto anangoja, mwalimu. Shingo itachoka."

Mkono ukatoka taratibu, ukatua kwenye nywele, ukakaa hapo muda mrefu kuliko salamu yoyote niliyowahi kuona. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

"Nilikuwa nimesahau," akasema, "kichwa ya mtoto huwa na joto."

Mungu nimemwomba msamaha, ingawa mkono niliokataa ulikuwa wa mwalimu, si wake. Msomaji wangu, Jumapili hii ukiketi karibu na mtu kama huyo, tangulia wewe kumpa mkono.