Shamba la Mama na Gauni la Harusi

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini, kila mtu alitaka kuongeza shamba, na mwenye maksai alibembelezwa kama bwana harusi. Mimi nilikuwa fundi cherehani Bariadi mjini. Nikapatana na jirani wa mama, kule upande wa Lalago: nimshonee binti yake gauni la harusi, naye amlimie mama ekari mbili kabla mvua hazijakolea. Hatukuandikiana. Hilo kosa ni langu.

Gauni likavaliwa. Shamba jirani akamwachia shemeji yake, maana yeye mwenyewe alikuwa anaitwa huku na huku. Shemeji akakwaruza juu juu, majani yakabaki yamesimama. Nisimwonee: maksai wake walikuwa wamekonda, na sidhani kama aliambiwa alime kina gani.

Mama akapeleka shauri kwenye baraza la kijiji, nami nikaenda. Asipopanda wiki ile, msimu umempita.

"Mayu," jirani akamwambia mama kwa upole, kwa heshima ya Kisukuma, "mimi nilipatana na binti yako. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Sasa unanidai nini? Na aliyelima ni shemeji. Mfuate yeye."

Nikaona tumeshindwa. Mama akajifunga kanga vizuri. "Na binti yako, siku ya mapatano alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Mbona gauni alivaa yeye? Ulitaka avae fundi?"

Watu wakacheka, hata shemeji. Ningenyamaza hapo, lakini roho ilinisuta. Nikasimama nikasema upindo wa gauni lile sikushona mimi, nilimpa fundi mwenzangu. Mama akanitazama kama nimemwaga uji.

Mwenyekiti akauliza, "Ulikuwa na shida huo upindo?"

"Ulifumuka siku moja kabla ya harusi."

"Ukamwambia bibi harusi amfuate mwenzako?"

"Hapana. Nilirudia mwenyewe."

Mwenyekiti akamgeukia jirani. "Umesikia, baba?"

Asubuhi yake jirani alifika na maksai wanne, plau ameshika mwenyewe. Shemeji aliongoza ng'ombe, na aliwaongoza vizuri. Mama alifuata nyuma akichomeka mpini wa jembe ardhini kupima kina. "Hapa rudia," alisema, na jirani alirudia, mara tatu nadhani, labda nne.

Walipomaliza, mama alisimama katikati ya shamba, udongo umemfika vifundoni, akaita majirani waje waone. Walikuja wote.