Siku Mwenyekiti Alipokosekana Kwenye Chama Chake

Nimeona heri niwasimulie mwenyewe, maana kuanzia Mchombe hadi Mngeta mkasa huu unasimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, na kila mmoja ananiongezea ujinga, ilhali ujinga niliokuwa nao siku hiyo ulitosha.

Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa mpunga wa umwagiliaji. Baada ya semina moja Ifakara nilirudi na msaidizi wa akili mnemba kwenye kompyuta ya ofisi, yule unayemuuliza kwa mdomo naye anakujibu kwa mdomo. Ila hana macho. Ili ajue kompyuta ina nini unampa zana ya kuorodhesha mafaili, na unamwandikia maelezo ya zana hiyo: inafanya nini, inaishia wapi. Anachokiamini ni maelezo hayo tu. Mimi nilikuwa na haraka (mpira ulikuwa unaanza kwenye runinga ya jirani), nikaandika mstari mmoja, "Inaonyesha mafaili yote ya wanachama," nikaenda zangu.

Haikuwa kweli. Zana ile ilionyesha mafaili yaliyo juu ya folda kuu tu, folda za ndani haikuzifungua. Na sisi tunajuana kwa mifereji, kwa hiyo kila mfereji una folda yake humo ndani. Juu walibaki waasisi wachache, waliojiunga kabla mifereji haijachimbwa. Nilijua hayo vizuri mno, ndiyo maana sikuona haja ya kuyaandika.

Ikafika siku ya kuhakiki majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga, kabla maji hayajafunguliwa. Utaratibu wetu ni mkali: asiye na faili, jaruba lake linakwenda kwa anayesubiri. Nikaunganisha spika ili mkutano mzima usikie. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Suzana wa mfereji wa tatu, mjane, ambaye muda huohuo vibarua wake walikuwa kitaluni wanang'oa miche ya kupandikiza.

"Sioni faili la Mama Suzana," spika ikasema, kwa sauti tamu.

Masanja, aliyesubiri jaruba misimu mingi, akasimama. "Mwenyekiti, shikamoo. Kama mama hana faili, mimi nipo."

"Marahaba. Keti, Masanja. Hata salamu yako imeshika jembe."

Mama Suzana akanigeukia. "Mwanangu, si wewe uliyenipiga picha ya faili ukaniambia nisicheke?"

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua kompyuta nitazame. Lakini nilikuwa nimemsifia msaidizi yule wiki nzima, nikaona haya kuonekana simwamini, nikasema kwenye kipaza sauti kabisa, "Mama, mashine haina ndugu wala chuki." Kisha nikamuuliza msaidizi kama ana uhakika.

"Ndiyo. Nimeangalia mafaili yote ya wanachama."

Maneno yangu yaleyale. Niliyatambua, na bado sikufungua kompyuta, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mama Suzana akapiga simu kitaluni, akawaambia waache kung'oa. Kisha akasema, taratibu, "Muulize na Mzee Ngwale." (Mzee Ngwale, muasisi, tulishamzika.)

"Faili la Mzee Ngwale lipo."

"Marehemu ana jaruba, mimi ninayepumua sina. Haya, muulize na mwenyekiti wetu, Mzee Mponda."

"Sioni faili la Mzee Mponda."

Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. "Basi nipeni hata la mwenyekiti," akasema Masanja. Mzee Mponda peke yake hakucheka. "Karani," akaniuliza, "hiki chama kinaongozwa na nani?"

Nikafungua folda ya mfereji wa tatu, nikamkuta Mama Suzana humo. Nikasema kosa ni langu, si la mashine. Mwenyekiti akaniamuru niandike maelezo upya palepale, nikiyasoma kwa sauti: "Zana hii inaonyesha mafaili ya juu ya folda moja tu. Haifungui folda za ndani. Fungua ya kila mfereji moja moja. Usipoona jina, usiseme mtu hayupo mpaka umetazama zote."

"Ongeza: akikwama amuulize karani," mtu akashauri.

"Huyo msimtaje," akajibu mwingine.

Jaruba likabaki la Mama Suzana. Lakini mkutano ulipoisha vibarua walishahamia shamba la mtu mwingine, na miche iliyong'olewa ilikuwa imelala juani, majani yamejikunja. Kesho yake niliingia kwenye tope kupandikiza naye iliyopona, bila kuitwa. Hakunisema, na heri angenisema. Tulipomaliza akanionyesha kona ya jaruba iliyobaki tupu kwa kukosa miche.

"Pale," akasema, "utapaona kila ukipita kwenda ofisini."

Ninapaona. Na tangu hapo simpi msaidizi yule zana yoyote kabla sijamwandikia kwanza kile ambacho zana hiyo haikifanyi.