Sare Niliyotaka Iongezwe

Mkasa huu ulinigharimu alama mia mbili na kumi na nne za mtandaoni, chupa nzima ya chai ya tangawizi, sweta moja la kijani na mtu mmoja. Nimehesabu mara mbili, na kila nikirudia, vile vitatu vya mwanzo vinazidi kuwa vidogo. Nasimulia mwenyewe kwa sababu hapa sokoni Sumbawanga wameshaanza kunisimulia, na wanasimulia vibaya, wanasema nililia (sikulia, ulikuwa upepo, na anayeujua upepo wetu wa mwezi wa saba anajua unavyochoma macho).

Mimi nauza masweta ya mitumba. Kwa baridi ya huku Ufipa ni kazi inayomlisha mtu, na imenifundisha sheria ambayo nyote mnaijua: bei ya kwanza haikubaliwi. Mnunuzi anataja, mimi nacheka. Mimi nataja, yeye anageuka kama anaondoka. Namwita, "Ongeza kidogo," anarudi. Sheria ya pili imezaliwa na hiyo ya kwanza: ukikipenda kitu usionyeshe, maana ukionyesha tu kimeshapanda bei. Kwa sheria hizo mbili nimeishi salama miaka kumi na moja, mpaka nilipozipeleka kwenye chesi.

Chesi (wenye Kiswahili cha vitabu mnaita sataranji) nacheza kwenye simu, ile ya haraka, kila mtu ana dakika tatu za mchezo mzima, saa yako ikiisha umeshindwa hata kama jeshi lako lote limesimama na mwenzako kabaki na mfalme na askari mmoja wa kuokoteza. Mtindo wangu ulikuwa huu: naanza na hatua nane zilezile kila siku, bila kuangalia, kama mtu anayeitikia salamu njiani, nikifika katikati nakula kila askari aliyeachwa bila mlinzi, kwa kuwa cha bure sijawahi kukipita, halafu nikishatajirika naanza kuhesabu. Nahesabu hatua zote mpaka mwisho, nikimaliza nazihesabu tena, kama ninavyohesabu nguo za balo, na saa inaniishia hapo. Nimekufa tajiri mara nyingi sana.

Aliyenionyesha kasoro hiyo ni Atupele. Siku moja saa saba mchana, soko limepoa, simu ikanipa mpinzani mwenye bendera yetu pembeni ya jina, akanichapa. Nikamwandikia, "Uko wapi?" Akajibu, "Mwimbi." Nikamwambia ni muongo. Mtu anapewa wapinzani wa nchi ambazo hata kuzitamka hawezi, leo apewe mtu wa Mwimbi, hapo Kalambo, mwendo wa saa chache za gari? Akanitumia picha ya buti zake zimezama kwenye tope la shamba la ulezi. Alikuwa afisa ugani, binti wa Mbeya, kazi ilimleta huku kuwafundisha wakulima kupanda kwa nafasi.

Tangu hapo kila saa saba mchana tulicheza, yeye kwenye kibaraza cha ofisi ya kata, mimi juu ya balo. Michezo mia saba na kumi na mbili. Na baada ya kila mchezo aliniandikia kama anavyowaandikia wakulima wake. "Kaka Ladi, ubaoni umeshinda, saa imekushinda." "Hapa hatua nzuri uliiona ndani ya sekunde mbili, hizo ishirini nyingine ulikuwa unaiogopa." "Hesabu mara moja, gusa, nenda." Na lile alilolirudia kuliko yote: "Nikikuomba sare usikatae tu kwa mazoea, angalia kwanza saa yako."

Maana sare nayo niliifanya biashara. Akiomba, nakataa, nasubiri aombe tena. Akiomba mara ya pili ndipo nakubali. Mwishowe akanizoea, akawa anaomba mara mbili papo kwa papo, ombi la kwanza la kukataliwa na la pili lenyewe. Nami juu ya balo langu nikaanza kufikiri kwamba labda mapenzi ndiyo hayo, mtu kukuongezea ombi moja kwa kuwa anajua ulivyo. (Sikumwambia. Sheria ya pili.)

Nilichofanya ni kumtengea sweta. Lilitoka kwenye balo la mwezi wa kumi na moja, kijani cha mahindi mvua ikishakolea, vifungo sita na vyote vipo. Nikalificha chini ya meza. Wateja wanne walilichungulia wakalitaka, wote nikawaambia lina tundu kwapani. Miezi minane nililikunja na kulikunjua, na sentensi nilikuwa nayo tayari, ya maneno mawili: "Ni lako."

Basi mwezi wa saba akaniandikia: "Kaka Ladi, nimepata barua ya uhamisho. Wamenipa nichague mwenyewe, Sumbawanga mjini au nirudi Mbeya. Jumamosi nina semina hapo mjini, tunatoka saa nane. Tucheze mchezo mmoja, meza moja, tunywe chai, nikishakuona nitajua nichague wapi. Gari la kurudi Mwimbi saa kumi."

Ninyi mngefanya nini? Mngechemsha chai mkakaa mkangoja. Mimi nikasoma mara mbili, nikaona kabisa kwamba nikikaa naye peke yetu atajua nimeshaupenda mzigo. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo: nikamwambia Deusi, mshikaji wangu mwenye banda la kuonyeshea mpira, kwamba Jumamosi kuna mtu anakuja kucheza nami chesi, awaite watu wachache ionekane ni mashindano tu.

Deusi neno "wachache" hakulisikia. Jumamosi nimefika nikakuta kaandika kwa chaki mlangoni, LEO SAA NANE: SWETA ANACHEZA NA MBEYA (Sweta ndilo jina langu la sokoni), benchi zote zimejaa watu ambao hawajawahi kuona kete ya chesi, na benchi ya mbele kabisa amekaa shangazi yangu Skolastika, aliyekuja toka kijijini Kate na ulezi wake wa kuuza, kwa sababu mtu alimwambia mtoto wa kaka yake anaonyeshwa kwenye televisheni.

Atupele akaingia na bahasha ya kaki mkononi, nikajua ni ile barua ya uhamisho. Alikuwa mfupi kuliko anavyocheza, na alikuwa na mwanya, kitu ambacho michezo mia saba na kumi na mbili haikuwahi kuniambia. Akamwamkia shangazi shikamoo, akaangalia watu, akaangalia televisheni, akaniangalia mimi.

"Kaka Ladi, mimi nilisema chai."

"Chai ipo," nikamwonyesha chupa.

"Na hawa?"

"Mashabiki tu."

Akavuta kiti, akaiweka bahasha mezani katikati yetu. Deusi akaanza kuunganisha simu yangu na televisheni, ikakataa, akabadilisha waya, ikakataa, akaomba waya kwa jirani, saa nzima ikaenda hivyo, na muda wote huo chai inazunguka kwenye mabenchi (nani aliwaruhusu, hadi leo sijui), na mimi na Atupele tumekaa kama watu wanaosubiri daktari. Mara moja tu aliinama akaniuliza, "Huwa unakalia balo gani?" Nikamwambia nitamwonyesha. Akatabasamu, ule mwanya ukatokea, nami nikageuza uso haraka nikamfokea Deusi kuhusu waya.

Mchezo ukaanza. Nikapiga hatua zangu nane za salamu, benchi zikashangilia kila moja kama goli. "Piga shuti!" "Refa, huyo farasi anaruka watu!" Nikala askari wa kwanza, wa pili, halafu nikala ngome yake nzima, banda likasimama. Kwenye ubao nilikuwa nimeshinda. Kwenye saa nilikuwa nimebakiza sekunde ishirini na sita, yeye dakika nzima na ushei. Akasogeza mfalme wake hatua moja, na kwenye televisheni likatokea ombi.

"Mbeya anaomba sare!" akapiga kelele Deusi.

Atupele alikuwa ameiacha simu, ananiangalia mimi, mkono mmoja juu ya ile bahasha, na sekunde zangu zinatembea. Nilichotakiwa kufanya ni kugusa kitufe kimoja. Nikaona mdomo wangu unafunguka wenyewe, kwa sauti ileile ya mezani kwangu:

"Ongeza kidogo, dada."

Sijawahi kusikia banda lile likicheka vile, hata siku ya goli la kujifunga. "Aongeze nini, sare kilo mbili?" "Mfungie na karatasi kabisa!" Atupele hakucheka. Akaniuliza polepole, "Niongeze nini, Kaka Ladi? Sare si sare?"

Shangazi akageuka na kapu lake mapajani. "Wewe Ladi! Mwenzio anakuomba mlingane mbele za watu, unamwambia aongeze?"

Nami nikabonyeza kukataa, kwa kuwa nilijua ombi la pili linakuja. Siku zote lilikuja. Zamu ilikuwa yangu, kulikuwa na njia mbili za kumaliza mchezo, nikaihesabu ya kwanza, nikaihesabu ya pili, nikarudi ya kwanza, na kusema kweli ubao sikuuona hata kidogo, nilikuwa namwangalia mkono, nasubiri usogee uombe tena. Haukusogea. Banda likaanza kuhesabu kwa pamoja, tano, nne, tatu, na mimi ambaye nahesabu kila kitu siku hiyo nikahesabiwa. Saa yangu ikaisha nikiwa na ngome mbili na askari wanne. Tajiri.

"Moja tena," nikasema, "moja tu ya mwisho," vilevile ninavyomwita mteja aliyegeuka.

"Saa tisa na nusu, Kaka Ladi. Gari."

Nikashika chupa nimmiminie angalau chai. Ikatoa tone na majani.

Nikamsindikiza, na njia ya kwenda kwenye magari inapita mezani kwangu. Nikajiambia bado kuna sweta, sweta litasema lote. Nikalitoa, nikalikunjua. Akalishika shingoni, akapitisha kidole kwenye vifungo, nadhani naye alikuwa anavihesabu, akauliza, "Hili bei gani?"

Miezi minane nina yale maneno mawili. Nikafungua mdomo, ikatoka bei. Na si bei ya mwisho, jamani, ile ya kuanzia, ya mgeni.

Nikasubiri acheke. Ataje nusu, mimi nishike kichwa, aongeze, nimwambie chukua tu, ni lako tangu mwezi wa kumi na moja. Atupele akafungua pochi akalipa yote. Hakuomba apunguziwe, hakuguna, hakugeuka kuondoka ili nimwite. Wafanyabiashara mnanielewa: anayebishana na wewe bei ana mpango wa kurudi, anayelipa yote bila neno amemalizana na wewe. Akalivaa palepale, likamkaa kana kwamba alipimwa. "Asante, kaka," akasema. Lile "Ladi" halikuwepo. Halafu gari, halafu vumbi, halafu ule upepo niliowaambia.

Wiki mbili baadaye akaandika mara moja tu: "Nimechagua Mbeya. Huku nako kuna baridi, sweta linanifaa."

Sasa kila saa saba mchana nukta ya kijani inawaka pembeni ya jina lake, inakaa nusu saa, inazima. Mimi nipo juu ya balo nacheza na watu wa nchi nisizozijua. Na niwaambie, mtindo umebadilika, nahesabu mara moja, nagusa, naenda, saa hainiishii tena. Nashindwa kwa sababu macho yapo kwenye nukta, na ndivyo zilivyokwenda zile alama mia mbili na kumi na nne. Noti zake sijazichanganya na za biashara, zipo kwenye kopo, zimekunjwa alivyozikunja yeye. Shangazi kila akija mjini ananiuliza kama yule binti ameongeza.

Nimeapa sitamwambia tena mtu aongeze, nje ya masweta. Ila hapa nimekwama, na ndiyo maana nimewapa aibu yangu yote bila kupunguza. Ni saa saba na dakika tano, nukta imewaka. Nianze kwa kumrudishia hela yake kwa simu, au nimtumie mwaliko wa mchezo, na hatua ya kwanza tu nimwombe sare mimi? Nishaurini. Na atakayenishauri ataje moja tu, nitalichukua hilohilo la kwanza.