Kitanda Sebuleni

Nilirudi Dodoma kutoka Johannesburg na stashahada ya umeme niliyojilipia mwenyewe kwa kubeba zege. Nyumba hii ya Mkonze nimeijenga kwa jasho langu, hata nyaya nimezipitisha mimi. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani anayelalamika ni mvivu.

Mke wangu aliugua ubongo. Daktari alisema kinga ya mwili wake imegeuka na kuushambulia ubongo wake mwenyewe. Alipotoka hospitali akawa hapati usingizi, anakimbilia barabarani, mimi ananiita mwizi. Asiachwe peke yake hata kidogo, daktari akasisitiza. Nani atakaa naye mimi nikilala, hilo hakulisema.

Ndugu zake walikuja kutoka Mlali na kuku na unga wa uwele. Wakatupa pole, nikapika, wakala. Aliyekuja kusaidia kweli ni mama mkwe peke yake, naye alikaa uani amenipa mgongo, kanga kichwani. Kwetu mama haingii chumba anacholala mume wa binti yake. Basi binti analia ndani, mama analia nje, na mimi nasinzia na kijiko cha uji mkononi.

Hata maneno yangu na mama mkwe yalipitia kwa shangazi wa mke wangu.

"Mkweo anauliza kama binti yake amekula."

"Mwambie aingie amlishe."

"Wewe! Huko Johannesburg ndiko walikokufundisha kumwingiza mkwe chumbani? Na mwanaume gani anamwogesha mkewe?"

"Yule ambaye nyinyi mmekaa mnamtazama."

"Haya, msomi!" Wakacheka, midomo imejaa kuku.

Siku moja nilizinduka sakafuni, nikamkuta mke wangu keshafungua komeo la geti. Nikamrudisha. Nikachukua spana, nikakifungua kitanda, nikakiunga upya sebuleni. Kisha nikatoka uani, nikasema huku nikitazama ukuta:

"Shangazi, mwambie mama sebuleni anaingia mgeni yeyote."

Shangazi akaanza kusema huo ni ujanja wa mjini. Mama mkwe hakumsubiri amalize. Alijitanda kanga, akapita bila kunitazama, nami nikamsikia akimwita binti yake kwa jina la utotoni.

Nililala kwenye mkeka jikoni kama gogo. Nilipoamka, shangazi alikuwa akilalamika kwamba sasa wageni hawana pa kukaa. Nikamwonyesha lilipo beseni la vyombo vichafu.