Nilivyomfanya Mzee Kaggwa mfungaji bora wa fainali ya Marekani bila kumuuliza

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa kwenye treni natoka kazini Kista, vidole vimeganda kidogo, kwa hiyo makosa ya herufi mtayameza. Majina nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyotokea, na sehemu niliyojiaibisha sijaipunguza hata kidogo.

Mimi ni Mtanzania, niko hapa Stockholm mwaka wa saba. Kazi yangu ni software tester. Nalipwa kutoamini kitu mpaka nikibonyeze mwenyewe. Shida ya kazi hii ni kwamba inakufuata mpaka kwenye maisha ya kawaida, mtu akikuambia neno unaanza kutafuta pa kulibonyeza.

Sasa, kwenye mtaa wa Rinkeby kuna mzee wa Kiganda, tumuite Mzee Kaggwa. Aliondoka kwao kijana, enzi zile za vurugu, akapita Nairobi, akapata scholarship ya chuo kidogo Marekani, mwishowe akatua Sweden. Amekuwa vaktmästare wa shule miaka mingi, yaani ndiye mwenye funguo zote, ndiye anatengeneza mlango, ndiye anafukua theluji. Mtu mpole, Kiswahili chake ni cha Nairobi kilichochanganyika na Kiganda.

Mzee ana sentensi moja ambayo kila mtu wa jumuiya yetu ya Waafrika wa hapa anaijua. Ukimchokoza kuhusu ujana wake anasema: "Jina langu liko ndani ya kitabu ya rekodi, kule Amerika. Fainali. Mimi nilipiga mpira mara mingi kushinda watu yote."

Akishasema hivyo anakunywa chai yake. Haongezi.

Watu walikuwa wanacheka. Hasa jamaa mmoja Mkenya anayekaa Vällingby, tumuite Kamau, mdomo wake hauna breki. Alikuwa anamuita mzee "Pelé wa theluji". Mzee anatabasamu tu.

Mwaka huu mzee akafikia kustaafu. Tukaamua kumfanyia sherehe, na mimi nikachaguliwa kuwa toastmaster. Kwa wasiojua, Wasweden sherehe zao lazima kuwe na mtu wa kupanga hotuba, nani anaongea baada ya nani, na sisi tumeuchukua huo utaratibu kama ulivyo.

Nikasema hapa hapa. Kama toastmaster lazima niwe na kitu cha kusimamia. Ngoja niitafute hiyo rekodi.

Wakuu, nilichokikuta kilinipotezea wiki nzima.

Vyuo vya Marekani vimegawanywa katika makundi wanayoyaita conference. Kila msimu ukiisha, wawili bora wa kundi wanacheza fainali yao. Mchezo wenyewe ni ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Na kila conference, hata ile ndogo ambayo huwezi kuisikia popote, ina kitabu cha rekodi za fainali. Kimewekwa mtandaoni, PDF, bure.

Humo ndani kuna rekodi ya kila kitu kinachohesabika. Nani alikimbia yadi nyingi kwenye mechi moja. Nani alidaka pasi nyingi. Nani alikaba watu wengi. Sawa, hizo unazitegemea. Lakini kuna pia nani alipoteza mpira mara nyingi kuliko wote, na nani alirusha pasi nyingi zaidi zikadakwa na adui. Jamaa aliharibu fainali miaka na miaka iliyopita na bado jina lake liko pale na chuo chake.

Halafu kuna hii. Kwenye mchezo huo mchezeshaji wa timu akikamatwa na mpira kabla hajaurusha, zile yadi alizorudishwa nyuma, kwa takwimu za vyuo, zinakatwa kwenye mbio zake. Maana yake mtu anaweza kukimbia mchana kutwa akamaliza mechi akiwa chini ya sifuri. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu ofisini.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba nyuma ya kila mstari kulikuwa na mtu amekaa juu kwenye jukwaa na penseli, kwenye baridi, anahesabu. Hakujua anamhesabia nani.

Nikashuka na ukurasa. Na karibu na chini, wakuu, nikaliona. KAGGWA. Chuo chake. Mwaka. Individual record, most punts, single game. Idadi siitaji maana najua humu mtaenda kumtafuta.

Nilisimama kwenye kiti. Kweli.

Sasa hapa ndipo kiherehere kiliponiponza. Mimi ni mtoto wa Morogoro, nimekulia soka. Nilijua punt ni kupiga mpira kwa mguu. Mtu aliyepiga mara nyingi kuliko wote kwenye fainali, kwangu mimi ni mshambuliaji. Mimi tester, ninayelipwa kutoamini, sikubonyeza hilo neno moja. Nikapiga screenshot, nikatupa kwenye group la WhatsApp la jumuiya: "Wenye kucheka njooni mcheke. Mfungaji bora wa fainali, Marekani."

Group likawaka moto. Wakongo wakaandika félicitations, hongera. Kamau akaomba radhi mbele ya watu wote, kitu ambacho sijawahi kukiona, na kesho yake akatangaza kwamba ameagiza kikombe, kikubwa, kina sanamu ya mchezaji anapiga shuti, kimeandikwa MFUNGAJI BORA.

Mzee mwenyewe hayumo kwenye group. Simu yake ni ya kupigia tu.

Kisha nikapata ujumbe wa Miriam.

Miriam ni binti pekee wa mzee. Kazaliwa hapa, ni nesi, mama yake alishafariki. Baba akiongea Kiswahili yeye anajibu Kiswidi. Kwenye vikao, mzee akianza ile sentensi yake ya rekodi, Miriam alikuwa anageukia dirishani na kusema "pappa överdriver", yaani baba anatia chumvi.

Akaniuliza kama ile screenshot ni ya kweli, na kama nimeihakiki mwenyewe. Halafu akaniandikia jambo ambalo sikulitegemea. Alipokuwa darasa la pili aliwaambia wenzake kwamba baba yake alicheza fainali Marekani. Wakamcheka. Mwalimu, kwa nia njema tu, akasema alete picha. Akaenda kumuomba baba, na baba hakuwa na picha, wala cheti, wala karatasi yoyote, kwa sababu begi lake lilipotelea safarini. Tangu siku ile Miriam hakumuuliza tena baba yake swali lolote kuhusu maisha yake kabla ya Sweden. Alihofia kila kitu kingekuwa hivyo hivyo, maneno bila ushahidi.

Akamalizia: "Nataka kuisoma kwenye hotuba yangu. Kama si kweli niambie sasa, sitaki kuchekwa mara ya pili."

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nimehakiki. Ndiyo, niliandika hivyo.

Siku mbili kabla ya sherehe, wakati wa "fika", yale mapumziko ya kahawa ya Wasweden, pale kazini, namsimulia mwenzangu Johan. Huyu ni Msweden anayecheza mchezo huo huo wikiendi kwenye klabu moja ya hapa mjini. Namuonyesha screenshot, anaiangalia, anatabasamu kwa adabu. Wakuu, ukiona Msweden anatabasamu kwa adabu jua una tatizo.

Akanieleza taratibu. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi kumi. Ikishindwa mara tatu, mara nyingi haithubutu la nne. Inamuita mtu maalumu, anaupiga mpira mbali kadiri awezavyo, unaenda kwa wapinzani, ili angalau waanzie mbali. Hiyo ndiyo punt. Hakuna goli wala pointi.

Nikamuuliza, kwa hiyo mtu mwenye punt nyingi kuliko wote kwenye fainali...

Johan akasema ni mtu ambaye timu yake ilishindwa kusogea siku nzima.

Kahawa ilinishinda. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nimemvika mzee sifa isiyo yake, kikombe kimeshachongwa, na binti yake anaandaa hotuba juu ya neno langu. Nikinyamaza, siku Miriam akikaa na mtu kama Johan ataamini baba alimdanganya tena, na safari hii mbele ya ukumbi mzima.

Nikatoka kazini moja kwa moja mpaka Rinkeby.

Mzee alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwambia kila kitu bila kuzunguka, group, kikombe, Miriam. Alinisikiliza akiendelea kumenya. Kisha akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Wewe kijana, mimi sikusema goli hata siku moja. Nyinyi ndio mulisema goli. Nani aliniuliza?"

Na kweli, wakuu. Miaka yote tumecheka, hakuna aliyewahi kumuuliza ulikuwa unapiga vipi, wapi, kwa nini.

Nikamuuliza. Akaniambia mvua ilinyesha tangu asubuhi, uwanja ukawa tope. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa Mwafrika anayejua kupiga mpira kwa mguu, sheria nyingine hakuzijua. Wenzake wanajaribu, wanashindwa, kocha anamuita. Anasimama peke yake nyuma, mpira unarushwa kutoka mbali, umelowa, na watu wakubwa wanakuja mbio kumvunja. Anaupiga. Anarudi kukaa. Baada ya muda anaitwa tena. Walifungwa, tena vibaya. Ila hakuna hata mpira wake mmoja uliozuiwa.

Nikamuuliza kwa nini basi alituacha tuamini tunavyotaka.

Akaniambia watu wakicheka wakidhani alikuwa nyota, wanacheka vizuri, na hicho kicheko anakiweza. Hakutaka wacheke wakijua kwamba alikuwa ni mtu wa kuitwa wengine wakishashindwa.

Nikamkumbusha habari ya Miriam na ile picha ya darasa la pili. Hilo hakuwa analijua. Alidhani mtoto alipoteza hamu tu, kama watoto. Akaziacha ndizi nusu, akafuta mikono.

Mwishowe akasema: "Mwambie yote. Na kwamba tulishindwa, mwambie pia. Na kule ukumbini sema hivyo hivyo."

Nikampigia Miriam nikiwa bado ngazini. Nilimwambia jina la baba lipo, ni la kweli, lakini mimi nilidanganya niliposema nimehakiki. Nikamweleza punt ni nini. Akakata simu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Kamau yuko mbele na kikombe kinang'aa. Nikasimama na nikasema ukweli wote, kuanzia na ujinga wangu. Nilieleza ule mchezo kama Johan alivyonieleza, nikaeleza tope, nikaeleza kwamba walifungwa. Watu walicheka, sanasana kwa sababu ya Kamau, aliyekifunika kikombe kwa koti lake akasema, "Boss, hii cup imeshachongwa, hairudi."

Mzee alikuwa anaangalia meza.

Ikafika zamu ya Miriam. Alisimama na karatasi yake, akaiangalia, akaiweka chini. Akamgeukia baba yake na kuongea Kiswahili, mbele ya watu, kile Kiswahili chake cha kukwama kwama ambacho wengi wetu hatukuwahi kukisikia.

"Baba, ulipiga na mguu gani?"

Mzee akamwangalia kama hajasikia vizuri.

"Kushoto," akasema.

"Nionyeshe."

Mzee Kaggwa akainuka, suti na tai, akasogeza kiti. Akanyoosha mikono mbele kupokea mpira usiokuwepo. Hatua moja, ya pili, akauachia, na mguu wa kushoto ukapanda mpaka usawa wa kifua. Umri ule. Watu walipiga makofi, mie nilikuwa nimeshaanza kutokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Miriam hakupiga makofi. Alikuwa anauliza swali la pili. Ulivaa viatu gani. Nani alikuwa anakurushia. Ulikuwa unaogopa? Ratiba yangu ya hotuba ilikufa pale pale, watu wawili hawakuongea kabisa na hakuna aliyelalamika.

Nilichojifunza, wakuu. Nilidhani namtetea mzee kwa kumpandisha cheo. Kumbe hakuhitaji kupandishwa, alihitaji mtu mmoja amuulize, kisha akae asikilize. Na nyie mnaopenda kuforward screenshot, bonyezeni kwanza neno msilolijua.

Miriam aliwaandikia viongozi wa ile conference. Wakamtumia karatasi ya mechi ile, imeskaniwa, ule mwandiko wa mtu wa penseli. Kila mpira wa baba yake umeandikwa, dakika, ulipopigwa kutoka, ulipoangukia. Sasa kila Jumapili anaenda Rinkeby, anamsomea baba mstari mmoja, mmoja tu, na mzee anaeleza siku ile yote mpaka chai inaisha.

Nimeongea naye jana. Miezi miwili hii, wako kwenye mpira wa nane. Anasema hana haraka.

Mwageni maoni hapo chini, hata matusi kuhusu ile screenshot nayapokea. Ila mwenye mzee nyumbani anayerudia sentensi moja kila siku, aniambie ni ipi, na kama ameshawahi kumuuliza inayofuata.