Vizibo Vitano vya Mafuta

Harufu ya petroli ilinitoa kitandani Jumamosi asubuhi. Nikaifuata hadi kibarazani, na hapo nikamkuta mjukuu wangu Wambui amechuchumaa kando ya kapikipiki kake, kabureta ameizamisha ndani ya sufuria yangu. Si sufuria yoyote tu. Ile yangu ya kuchemshia githeri, mahindi na maharagwe.

"Wambui, hiyo ni sufuria ya nani?"

"Pole, cucu. Nitaiosha na sabuni."

"Utaiosha na machozi. Nimelishia mama yako hiyo."

Akacheka, akaendelea kusugua kile kichuma na mswaki mzee. Huyu msichana anapelekea watu keki na maua kule Kilimani, kwenye maghorofa, na hapa Kawangware hakuna mwanamume anayemfungulia hata nati moja. Anafungua mwenyewe, anafunga mwenyewe. Najivunia huyo mtoto, na sitaficha. Nikamuuliza kama amekumbuka kuchanganya petroli na oili, akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akiongea.

"Hii haichanganywi, cucu. Oili inakaa peke yake huku chini kwa injini."

Nikavuta kiti nikakaa, kwa sababu magoti yangu hayapendi habari za ghafla. Haichanganywi! Basi watu walikaa chini wakafikiria, wakatenganisha hivyo vitu viwili. Wangefikiria hivyo mapema kidogo, baba yangu angekuwa mtu mwingine.

Nikiwa msichana wa miaka kumi hivi tulikaa Riruta, wakati barabara yetu ilikuwa udongo mwekundu na pande zote mbili mahindi. Baba alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini. Kulikuwa na matarishi wa miguu na kulikuwa na tarishi wa pikipiki, na tarishi wa pikipiki alikuwa mmoja tu, yeye. Jirani walimwita Baba Pikipiki, hata wale waliojua jina lake la ubatizo. Alipopita asubuhi na koti lake la mvua na mfuko wa barua kifuani, wanawake waliokuwa kisimani walinyamaza kwanza, halafu wakaendelea. Mimi nilikuwa nikiona hayo na kuvimba kichwa.

Ile pikipiki yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha kijivu, injini yake haikuzidi kichwa cha mbuzi. Ilikuwa imetumiwa na watu wengine kabla yake mpaka ikachoka, na uchovu wake wote ikaja kuumalizia nyumbani kwetu. Ofisi ilitoa petroli na ikatoa oili, kwa kuwa pikipiki za wakati huo zilikunywa vyote viwili vimechanganywa. Kutengeneza, ujitengenezee. Kwa hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani, baba alivua suti, akatandika gunia nyuma ya jikoni, akaanza kufungua. Plagi ilitolewa ikasuguliwa na brashi ya waya mpaka ncha yake ing'ae. Mnyororo ulilazwa kwenye karai la parafini kama mgonjwa. Breki zilipigwa msasa. Ekzosi, kwa kuwa ilijaa masizi, ilichomwa ndani ya moto wa mama wa kupikia, na mama akasimama pale na mwiko mkononi akingoja moto wake urudishwe. Viazi vya Jumapili nyumbani kwetu vilikuwa na ladha ya pikipiki. Tulikula hivyo hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli la nati na kuzijua. Hii ya kichwa, hii ya tangi, hii ndogo usiipoteze. Nilizijua kuliko nilivyojua hesabu za mwalimu. Lakini sitasema uongo, nilichoka. Watoto wengine Jumapili walibebwa mgongoni na baba zao. Mimi wangu nilimwona mgongo, ameinama, na jasho limechora ramani kwenye fulana. Jua likishuka alikuwa anajinyoosha polepole, mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayesimama na mzigo ambao sisi hatuuoni.

Na mwaka ule kulikuwa na sababu ya kuinama zaidi. Pikipiki ilikuwa imemwangusha mara mbili, barua zikachelewa mara mbili. Bwana mkubwa wa ofisi akamwita. Nilimsikia baba akimwambia mama jikoni, sauti ya chini, nikiwa namenya viazi.

"Amesema ya tatu ikitokea, ananirudisha kwa miguu. Pikipiki atapewa mwingine."

Mama aliongeza kuni. Tangu siku hiyo kila mtu nyumbani alijua, hata mdogo wangu wa miaka mitano. Pikipiki ikikohoa asubuhi tuliacha kunywa uji tukasikiliza. Ikishika na kuondoka, mama alisema "haya," tukaendelea kunywa.

Sasa kuna jambo la pili, nalo lazima mlijue. Ofisini kulikuwa na karani wa barua, mtu wa Pwani aitwaye Salim, ambaye Kiswahili kilimtoka kinywani kama maji ya bomba. Chetu kilitoka kama kokoto. Oili, baba alikuwa akiita "oiri." Sisi sote tulisema oiri, hatukujua kuna namna nyingine. Siku moja Salim alimsikia, akacheka mpaka akashika meza, akawaita na wenzake waje wasikie: "Hebu sema tena, bwana, wataka nini?" Baba alirudi nyumbani na amri mpya. Kuanzia leo hapa ndani tunaongea Kiswahili, na Kiswahili safi. Mama alimjibu kwa Kikuyu kwamba yeye sufuria zake hazijui Kiswahili. Lakini sisi watoto tulitii. Baba akaacha kusema oiri. Akawa anasema mafuta.

Wenzangu, hebu ingieni kwenye nyumba yetu mtazame rafu. Mafuta ya taa tuliyaita parafini. Ya kupikia tuliyaita kwa jina la mkebe wake. Petroli ilikuwa petroli. Kitu kilichoitwa mafuta tu, bila jina la pili, kilikuwa kimoja: chupa ya cucu, mama yake baba. Mafuta ya mbarika, meusi kidogo, mazito, aliyoyakamua na kuyachemsha kwa mikono yake. Tulipakwa hayo tukizaliwa, tulipakwa hayo tukikohoa, na mtu akienda arusini bila kung'aa miguu, cucu alimwita arudi.

Jumapili moja baba alikuwa amemaliza kufunga. Alikuwa bafuni, yaani nyuma ya mabati, na sabuni kichwani, akaniita kwa sauti kubwa.

"Wanjiru! Jaza chupa ya petroli! Halafu tia mafuta, vizibo vitano! Utikise vizuri!"

Kuchanganya ilikuwa kazi yake. Hakuwahi kunipa. Nilichukua chupa, nikajaza petroli kutoka kwa debe nisimwage hata tone. Kopo la oili lilikuwa hapo hapo kando ya debe, karibu na mguu wangu, na ninaliona hata leo. Lakini hakusema oiri. Alisema mafuta. Nikafikiri, leo baba amepata dawa mpya ya hiki kitu kinachokohoa. Kwa nini isiwe hivyo? Sisi kikohozi chetu kilipona kwa hayo hayo. Nikaingia ndani, nikashusha chupa ya cucu, nikapima na kizibo cha soda. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Nikatikisa mpaka mkono ukauma, nikamimina kwenye tangi. Nikaita: "Tayari, baba!" Akasema: "Vizuri sana." Hakuwa mtu wa kusifu. Nililala na hayo maneno kama mtu aliyepewa viatu.

Jumatatu ilishika mara ya kwanza. Ikatoka na moshi mweupe wenye harufu ya mtoto mchanga, na mama akasimama mlangoni akavuta pua, asijue ni kwa nini amemkumbuka mdogo wangu akiwa mchanga. Jumanne ikashika. Jumatano baba alikuwa Ngara na mfuko umejaa, na ndani yake barua moja iliyotakiwa hospitali kuu, kule juu mlimani, kabla ya saa sita. Ikagoma. Ilishikana ndani na gurudumu likaburuta barabarani. Aliisukuma kutoka Ngara mpaka ofisini, juani, halafu akakimbia na ile barua kwa miguu. Ilifika saa saba na nusu.

Tulimwona akija jioni jua likiwa bado kwenye mahindi. Anatembea. Alienda moja kwa moja kwa debe, akachukua chupa niliyochanganyia, akanusa. Akanusa tena. Halafu akakaa kwenye kigoda cha mama.

"Wanjiru. Uliweka nini hapa?"

"Mafuta, baba."

"Mafuta gani?"

"Mafuta. Ya cucu."

Mama alitoa kicheko kimoja, kikamkatikia mdomoni. Na hapo hapo, kama ameitwa, cucu akatoka ndani na chupa yake mkononi, ameinua juu ipigwe na mwanga.

"Nani amekunywa mafuta yangu? Ni panya? Panya wa hapa siku hizi wanafungua kizibo?"

"Ni pikipiki, mami," baba akasema.

"Pikipiki ilikuwa na kikohozi?"

Hakunipiga. Nilingoja kiboko siku hiyo na kesho yake, na mpaka leo hakijakuja. Aliniambia tu nimletee maji ya kunawa. Baada ya hapo akawa tarishi wa miguu, na pikipiki akapewa kijana mmoja asiyejua hata kukaza mnyororo. Jirani waliendelea kumwita Baba Pikipiki, ila sasa waliita kwa mbali na wakacheka. Kisimani wanawake hawakunyamaza tena alipopita.

Na mimi? Nitawaambia ukweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa. Nilifurahi. Si siku ya kwanza, lakini mwezi ulipokwisha nilikuwa nimefurahi. Gunia lilikunjwa. Moto wa mama ulibaki wa mama. Baba alitoka kanisani akakaa na sisi. Nilikuwa nikipiga magoti kando ya kitanda na kumshukuru Mungu kwa kuniongoza mkono kwenye ile chupa. Niliona nimemkomboa baba yangu.

Hilo nililibeba mpaka nikaolewa, nikazaa, nikapata wajukuu. Halafu baba akafa, mzee kabisa. Siku ya kumzika alikuja mtu mwembamba na kofia nyeupe, anashikiliwa mkono na binti yake, akauliza Wanjiru ni yupi. Alikuwa Salim. Alikaa kando yangu kwenye viti vya kukodi, akaniambia jambo nisilowahi kuambiwa.

Fundi alipofungua ile injini mbele ya bwana mkubwa, alikuta ndani pistoni imeganda kwa gundi ya kahawia. Akainusa. Akasema, jamani, hii imepakwa kama mtoto. Bwana mkubwa akauliza nani ameweka uchafu huu. Baba akasema ni yeye mwenyewe.

"Ofisi nzima ilicheka, binti yangu," Salim alisema. "Nami nilicheka kuliko wote. Mtu mzima hajui oili na mafuta ya mwili! Bwana mkubwa akasema mtu kama huyo hapewi mashine tena, na kweli hakupewa mpaka akastaafu."

"Hakuwaambia ni mtoto?"

"Nilikuja kujua baadaye, tukiwa wawili. Nikamwambia, bwana, ungesema ni mtoto ungesamehewa, bwana mkubwa ana watoto. Akanijibu: mtoto alifanya nilichomwambia." Mzee yule akavua kofia, akaipakata. "Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Alijua, nami nilijua, ni nani aliyemfanya aseme mafuta."

Akaniambia pia walivyomtuma. Mjini hadi Ngara, Ngara hadi kule juu hospitali, arudi mjini, aende Kilimani, arudi, kisha atembee mpaka Riruta. Hivyo siku sita kwa wiki, miaka ishirini na zaidi. Hakuchelewesha barua hata moja.

Watu walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa sisikii wimbo. Nilikuwa naona zile Jumapili zangu nzuri, zile nilizomshukuru Mungu. Baba akirudi kanisani alivua viatu mlangoni, akaingia, akalala chali sakafuni karibu na ukuta, na miguu yote miwili akaiinua akaiegemeza ukutani, visigino juu, akafumba macho. Alikaa hivyo mchana kutwa. Tulidhani ni mchezo. Tulikimbia tukajipanga kando yake, mimi na mdogo wangu, tukaweka miguu yetu midogo ukutani karibu na yake, tukashindana nani atafika juu zaidi, tukimsukuma na vidole. Naye, bila kufumbua macho, alikuwa anasogeza miguu yake kidogo, kutupa nafasi.